Nakshi kwenye ngozi: maji kwanza, nyundo baadaye

Ukigonga chapa, kile chuma cha kupigia mchoro, na kuona maji yanachuruzika pembeni yake, weka nyundo chini. Ngozi hiyo bado imelowa mno, na kila ua utakalolipiga sasa litakuwa limefumuka kabla ya jioni. Mafundi wengi wa mikanda na pochi hapa Bagamoyo mikono wanayo: wanakata vizuri, wanashona vizuri. Nakshi ndiyo inayowashinda, na wakishindwa wanaenda kutafuta nyundo nzito zaidi. Nyundo haina kosa. Ama ngozi yenyewe si ya nakshi, ama maji hayakupewa muda wake.

Tuanze na ngozi. Ile laini ya rangirangi inayokunjika kama kitambaa imesindikwa kwa kromu. Ni nzuri kwa mabegi na viatu, lakini haishiki nakshi: ukiibonyeza inarudi kama sponji. Inayoshika ni ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti. Hii ni ngumu kidogo, rangi yake ni ya biskuti au wekundu wa udongo, na ukiinusa unapata harufu ya mti. Tanini, ile dawa ya kusindikia iliyomo kwenye magome, inazijaza nyuzi za ngozi. Zikilowa zinalainika, zikigandamizwa zinalala, na zikikauka zinabaki pale ulipozilaza. Siri ya nakshi ni hiyo tu.

Tanini nyingi ya nchini inatoka kwenye miti ya miwati, inayolimwa sana Njombe. Wazee wa pwani walitumia magome ya mkandaa na mikoko mingine, na ngozi ya magome hayo hutoka na wekundu mzito unaoujua ukishauona mara moja. Mikoko sasa ni msitu wa hifadhi, haikatwi wala haimenywi bila kibali, kwa hiyo usimtume mtu kwenda kubandua magome mtoni Ruvu kwa ajili ya mkanda mmoja. Nunua ngozi iliyokwisha sindikwa.

Muuzaji atakwambia yote ni ngozi safi. Usibishane naye, omba kipande cha pembeni ukapime. Tazama kwanza mkato: ngozi ya kromu ina ubluu au ukijivu katikati hata kama juu imepakwa kahawia, ya magome ni kahawia mpaka ndani. Kipimo cha pili ni tone la dawa nyeusi ya siki na chuma, ambayo nitaeleza namna ya kuitengeneza huko chini. Likidondoka kwenye ngozi ya magome, pale pale panageuka peusi. Kwenye kromu halifanyi kitu cha maana. Wapo wanaochoma kipande na kutazama majivu, kwa sababu kromu huacha majivu ya kijanikijani. Kipimo hicho kinasema kweli, lakini moshi na majivu ya kromu si vitu vya kuvuta puani. Na mabaki ya ngozi hiyo yasiingie jikoni kuwashia moto, hata siku moja.

Ukishapata ngozi ya magome, chagua sehemu. Mgongo umeshikana na haunyooki ovyo, hivyo ni wa mikanda. Bega lina mikunjo kidogo lakini linapokea nakshi vizuri kuliko sehemu nyingine, na bei yake huwa nafuu. Tumbo liache kwa vitu visivyo na nakshi, maana nyuzi zake zimelegea, linavutika huku na huku na mchoro wako unapinda. Ngozi zetu zina alama nyingi pia: chapa za moto za wafugaji, makovu ya kupe, mikato ya kisu cha mchunaji upande wa nyama. Mkato wa mchunaji ndio hatari kuliko yote, kwa sababu upande wa juu hauonekani, ila ukipiga chapa juu yake ngozi inatoboka. Pitisha kiganja upande wa nyama kabla hujachora chochote.

Unene: mkanda milimita 3 mpaka 4, begi 2 mpaka 2.5, kava la Msahafu au daftari karibu 2, pochi 1.2 mpaka 1.6. Chini ya milimita 1.2 usitarajie nakshi ya kuinuka, itakuwa michoro tu juu ya uso.

Sasa maji. Chovya kipande chote kwenye beseni la plastiki, uso juu, na utazame vipovu. Kwa ngozi ya milimita 2 vitatoka kwa wingi sekunde kumi au ishirini, kisha vipungue. Vikipungua, toa. Usiloweke saa nzima. Usipake maji sehemu moja tu unayotaka kupiga, kwa sababu maji yakikauka yanaacha mstari wa doa pale yalipoishia, na mstari huo hautoki. Kisha kiweke kipande kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, au kikunje ndani ya nailoni, kilale usiku mzima, saa 8 mpaka 12. Maji yanahitaji muda huo kutembea na kusawazika mpaka katikati ya ngozi. Fundi anayelowesha na kupiga hapo hapo anapiga ngozi iliyolowa juu na kavu ndani. Nakshi inaonekana nzuri kwa saa moja, halafu inalala. Mteja akirudi na kusema “fundi, mbona maua yangu yamelala?” ujue ni usiku huo ulioukwepa.

Asubuhi itoe ndani ya ndoo na uiache wazi. Mara ya kwanza ina rangi nzito ya kulowa. Taratibu uso unaanza kurudi kwenye rangi yake ya kawaida, lakini ukiigusisha shavuni bado ni ya baridi. Hapo ndipo. Miezi ya kaskazi, upepo ukiwa mkavu, utasubiri nusu saa tu. Masika inaweza kufika saa mbili na zaidi, kwa hiyo usifuate saa ya ukutani, fuata shavu lako. Piga chapa moja kwenye kipande cha majaribio cha ngozi ile ile. Ikiwa tayari, alama inaingia bila nguvu na sehemu iliyolala inageuka kahawia ya kuiva, kama imepigwa pasi. Maji yakitoka, subiri. Alama ikiwa nyepesi na haina rangi, umechelewa: pitisha sponji yenye unyevu kidogo uso mzima, ngoja dakika chache, jaribu tena. Na usiisahau ndani ya ndoo. Kwa joto la huku, siku ya pili au ya tatu ukungu unaanza. Kazi ikikatizwa, iweke kwenye friji.

Maji yenyewe yawe safi. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hupanda juu ngozi inapokauka ikaacha unga mweupe kwenye mabonde ya nakshi. Maji ya mvua yanafaa, isipokuwa yale ya bati lililoshika kutu. Chuma ni adui wa ngozi ya magome ikiwa imelowa: chuma na tanini vikikutana vinatoa wino mweusi. Punje ya kutu, sufuria ya chuma, vumbi la tupa lililobaki mezani, bangili mkononi, kila kimoja kitaacha doa la bluu iliyokolea. Doa likiwa jipya, maji ya ndimu yanaweza kulifuta. Paka, subiri dakika moja, suuza. Huku kwenye hewa ya chumvi vyuma vinashika kutu usiku mmoja, kwa hiyo chapa zipakwe mafuta ya cherehani kazi inapoisha, zifutwe kabisa kabla ya kuanza tena.

Kuhusu mchoro, Bagamoyo hatuna sababu ya kuiga maua ya nchi za mbali. Pita Mji Mkongwe utazame milango: yungiyungi lililofunguka, mnyororo unaozunguka miimo, makuti ya mtende, mawimbi. Lakini ngozi si mninga. Seremala anaweza kuacha mstari mwembamba kama uzi na ukasimama miaka mia, ngozi haiwezi. Mistari miwili isikaribiane chini ya milimita 2, na ua lenye petali kumi na sita mlangoni lifanye petali nane. Kwenye mkanda wa upana wa milimita 38, mnyororo wa upana wa milimita 12 katikati unapendeza na unaacha nafasi ya kushona kingo. Gawanya urefu kwanza kwa bikari. Sehemu ya nakshi ikiwa sentimita 96 na pingili moja ni sentimita 4, unapata pingili 24 kamili. Anayeanza kupiga bila kugawa anafika mwisho na nusu pingili.

Kabla ya kuhamisha mchoro, bandika tepu pana upande wa nyama, mistari yake ikibanana. Ngozi yenye unyevu ikipigwa inatanuka, na bila tepu pochi yako ya mstatili inakuwa umbo lisilo na jina. Acha pia sentimita 1 ya ziada kila upande na ukate kipimo halisi baada ya kukauka. Mchoro uhamishe kwa kalamu iliyokwisha wino au kijiti chenye ncha butu. Usitumie kalamu ya wino wala karatasi ya kaboni, hazifutiki.

Meza ya kupigia iwe na jiwe. Kipande cha granaiti au marumaru kilichobaki kwa mafundi wa meza za jikoni, unene wa sentimita 3 au zaidi, kinatosha. Kilaze juu ya gunia lililokunjwa ili kisidunde. Ukipiga juu ya mbao, mbao inakula nusu ya pigo. Nyundo iwe ya mbao au plastiki ngumu, karibu nusu kilo. Ya chuma inaharibu vichwa vya chapa. Chapa zenyewe si lazima uagize. Bolti ya milimita 8 au 10, au msumari wa inchi sita, ukichongwa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa namba 400 kisha 1000, unafanya kazi kama ya dukani. Muhimu ni pembe zote ziwe zimeviringwa kidogo, kwa sababu pembe kali inakata uso wa ngozi badala ya kuulaza.

Chukua petali moja la yungiyungi tulione kwa karibu. Kwanza kisu. Kisu cha nakshi kina shingo inayozunguka na kidole cha shahada kinakaa juu yake. Unakivuta kuja kwako, kimesimama wima, na kinazama theluthi moja mpaka nusu ya unene wa ngozi, si zaidi. Kikilala upande, kinachimba chini ya petali na ukingo utanyanyuka kama gamba. Mkato unaanza kwa kina kwenye ncha ya petali na kupungua kadiri unavyoelekea kwenye kitovu cha ua. Kisu kikivuta na kuruka, ama ngozi imekauka ama makali yamekwisha, na makali hurudi kwa kukisugua kwenye kipande cha ngozi chenye dawa ya kung'arishia. Halafu chapa ya kulazia, yenye uso ulioinama upande mmoja. Upande mzito unakaa ndani ya mkato, nje ya petali. Piga, sogeza nusu ya upana wa chapa, piga, sogeza. Mapigo yawe sawa na ya karibu, mpaka alama za chapa zipotee na ubaki mteremko mmoja laini. Ukisogeza upana mzima unapata ngazi. Sasa petali limeinuka, ingawa hujaligusa: ulichofanya ni kuishusha ardhi iliyolizunguka. Jaza ardhi hiyo kwa chapa ndogo ya vitone, ukianzia kwenye kona finyu kwenda kwenye uwazi. Mwisho chukua kijiko cha kulainishia, au mgongo wa kijiko cha chai uliong'arishwa, usugue ncha ya petali izame kidogo na tumbo lake libaki juu. Michirizi ya mapambo ndani ya petali ikatwe mwisho kabisa. Ukikosea mkato huo huna pa kujificha, kwa hiyo ufanye ukiwa umepumzika.

Ukitaka petali linyanyuke zaidi ya milimita moja, geuza ngozi ingali na unyevu, lisukume kutoka nyuma kwa kitu cha mviringo huku uso umelala juu ya raba laini. Shimo la nyuma lijaze unga wa ngozi (vumbi la msasa linafaa) uliokandwa na gundi nyeupe ya mbao. Bila kujaza, mtu akilibonyeza mara tatu linaingia ndani.

Kwa kazi nyingi za aina moja, mfano vishikio vya funguo hamsini, kugonga kwa mkono ni kujitesa. Chonga kibao cha muhuri kwenye mpingo, ambao ni mgumu na hausagiki upesi. Kina cha mchongo kiwe milimita 2 mpaka 3, kuta zimeinama, zisiwe wima, kwa sababu ukuta wima unachana uso wa ngozi. Maandishi yachongwe kinyume. Inaonekana jambo la kusema bure, lakini vibao vingi vya majina vinatupwa kwa sababu hiyo hiyo, na herufi za Kiarabu ndizo zinazodanganya zaidi. Weka ngozi yenye unyevu sahihi, kibao juu yake, chini raba ngumu ya milimita 5, vyote katikati ya vipande viwili vya chuma bapa, ndani ya fremu yenye jeki ya gari ya kusimama. Funika vyuma kwa karatasi nene visiguse ngozi iliyolowa. Jeki ya tani 2 juu ya kibao cha sentimita 5 kwa 5 inatoa kilo 80 kwa kila sentimita ya mraba, na nakshi inaingia vizuri. Jeki ile ile juu ya kibao cha 10 kwa 10 inatoa kilo 20 tu, na utashangaa mbona mchoro ni hafifu. Kibao kikubwa kinataka jeki kubwa na fremu iliyochomelewa na mtu anayejua kazi yake. Acha dakika 10 mpaka 20. Usipashe kibao moto ngozi ikiwa na maji: ngozi ya magome iliyolowa huanza kujikunja kwenye nyuzi joto 70 na kitu, na ikijikunja haifunguki tena.

Kukausha ni kivulini, juu ya wavu, saa 24 kamili. Jua la saa saba linaikausha kwa nusu saa na kuifanya ngumu kama kigae, halafu inapasuka kwenye mikunjo. Usiweke mzigo juu yake.

Rangi hupakwa ikishakauka kabisa. Nakshi inapendeza zaidi mabonde yakiwa meusi kuliko vilima. Paka juu tabaka mbili za vanishi nyembamba ya kuzuia, zikauke, kisha sugua wino mzito wa kahawia uso mzima na uufute mara moja kwa kitambaa kilichokunjwa bapa. Kitambaa kilichofinywa kinaingia mabondeni na kuuchukua wino uliotaka ubaki. Weusi wa kudumu ni ile dawa ya siki. Tia nyuzi za chuma za kusugulia, zilizooshwa mafuta kwa sabuni, ndani ya siki nyeupe kwenye chupa ya kioo. Mfuniko usifungwe kabisa, kwa sababu dawa hutoa gesi na chupa iliyobanwa inaweza kupasuka. Baada ya wiki moja au mbili chuja kwa kitambaa. Paka, ngozi inageuka nyeusi mbele ya macho yako, na weusi huo hauchuji kwenye nguo maana si rangi iliyokaa juu, ni tanini yenyewe iliyogeuka. Kisha futa kwa kijiko kikubwa kimoja cha magadi soda kwenye lita moja ya maji ili kuua ukali wa siki. Ukiacha hatua hiyo, asidi inaendelea kuila ngozi taratibu.

Mafuta kidogo tu. Ya nazi yako kila nyumba na yanakubali, lakini huganda chini ya nyuzi joto 24. Mkanda ulio safi hapa ukipelekwa Lushoto mwezi wa saba unaweza kutoa weupe. Ninaona bora mafuta ya kwato za ng'ombe, tabaka moja jepesi, na juu yake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta hayo, sehemu moja ya nta kwa mbili za mafuta. Iyeyushe juu ya maji ya moto, isikae juu ya mkaa moja kwa moja. Mafuta mengi yanalainisha ngozi kupita kiasi na nakshi inakosa nguvu.

Kushona ni sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, urefu wake mara nne ya mshono, matundu kila milimita 4, ukitanguliza maharazi, chuma chenye ncha cha kutobolea. Kingo zipunguzwe pembe, ziloweshwe kidogo na kusuguliwa kwa kipande cha mpingo laini au turubai mpaka zing'ae.

Makubadhi yanastahili neno la peke yake. Nakshi nzito iwekwe kwenye ukanda wa juu na kwenye upinde wa unyayo, pasipogusa chini sana. Kisigino na chini ya vidole weka michoro ya kisu tu, kwa sababu pale jasho linalowesha na uzito unagandamiza kila hatua, na ndivyo hasa nakshi inavyofutika. Hilo mwambie mteja wakati wa kuuza. Mwambie pia kuwa kiatu kikilowa na mvua kikaushwe kivulini bila kusuguliwa, na ukungu wa masika ukijitokeza aufute nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, auache ukauke siku nzima, kisha arudishe nta kwa mswaki laini, kidogo kidogo, mpaka ifike kwenye kila bonde.